Vitabu 300 na kurasa sita nilizokata

Kila mwezi hivi kuna kijana ananitumia ujumbe kwa WhatsApp, anaweza kuwa wa Likasi, wa Kolwezi, mmoja alikuwa wa Goma, anasema hivi, niko na mchezo nimeandika, niko na ramani, niko na wahusika, sa nataka kuchapa, nifanye namna gani. Nimekuwa nikiwajibu vipande vipande, leo naandika yote mara moja, na pesa nitazitaja vile zilivyotoka mfukoni, juu mi wakati naanza hakuna mtu alinitajia pesa, kila mtu alinitajia ndoto tu.

Kwa wale hawajui, michezo ninayosema siyo ya simu. Ni watu wanne watano wamekaa mezani, mmoja anaongoza hadithi, wengine kila mtu ana mhusika wake, mwindaji, mhunzi, mganga, mpiga ngoma, unasema mhusika wako anafanya nini, na pale jambo linaweza kwenda huku au kule unatupa dadu. Mara nyingi hakuna hata mshindi. Yule anayeongoza hadithi sisi tunamuita mwenye meza. Mshikeni huyo mwenye meza kichwani, juu shida zangu karibu zote zinarudi kwake.

Nilianza 2019. Binamu yangu alirudi kutoka Lusaka na tableti yenye pdf ya Dungeons & Dragons, kile kitabu cha Wamarekani, tukawa tunacheza nyuma ya nyumba pale Katuba, hapa Lubumbashi, kila Jumamosi, yeye anasoma Kiingereza, anatugeuzia kwa Kifaransa, na sisi tunamjibu kwa Kiswahili. Tulifurahi sana lakini kila kitu mule ndani kilikuwa cha kwao, theluji, ngome za mawe, wafalme wa huko. Mi kambo yangu, yaani babu, alikuwa mtu wa Kamina, jioni alikuwa anatuelezea habari za Nkongolo Mwamba, yule mfalme mkali wa upinde wa mvua, na Mbidi Kiluwe mwindaji aliyetoka mashariki, na mtoto wake Kalala Ilunga aliyekuja kuushika ufalme wa Baluba. Nikawaza, kwa nini sisi tunacheza kwenye theluji?

Usiku mmoja nikajaribu. Niliwawekea wachezaji ile karamu ambayo Nkongolo anamuita Kalala Ilunga aje acheze ngoma mbele yake, na chini ya mkeka wa kuchezea amechimba shimo na kupanda mikuki. Sikuwaambia chochote. Nikasema tu, mkeka ni mpya, mfalme anacheka, ngoma imeanza, wewe unafanya nini. Kulikuwa na binti mmoja wa miaka 17, jirani yetu, amesoma shule ya masista, hiyo hadithi hajaisikia maisha yake yote. Akanyamaza kidogo, akaangalia meza, akasema: «Mi nachoma mkeka na mkuki kwanza, mbele ya kukanyaga.»

Ndo vile Kalala Ilunga mwenyewe alivyofanya kwenye hadithi ya kambo. Niliweka daftari yangu chini nikashindwa kuongea. Kambo alikuwa ameshakufa miaka mitatu, na mtoto asiyemjua alikuwa amepita mlango uleule kwa akili yake mwenyewe. Usiku ule niliamua kitabu kitatoka, hata iweje. Sijuti kuamua. Najutia vile nilivyofanya baada ya hapo.

Kosa la kwanza, nilijenga kwenye kiwanja cha mtu. Niliandika kurasa kama 60 nikitumia kanuni za Wamarekani, nikiamini ile leseni yao ya wazi, OGL, ya kuruhusu wengine kutumia kanuni zao, iliyokuwepo tangu 2000. Leseni yenyewe sikuisoma, nilisikia tu watu wanasema iko sawa. Januari 2023 ikavuja rasimu ya leseni mpya ya Wizards of the Coast, wenye mchezo ule, wachapishaji wadogo dunia nzima wakashtuka, ile ya zamani inataka kufutwa, kuna na habari za kulipa asilimia kwa wale wanaoingiza pesa nyingi. Mi nilikuwa siingizi hata dola moja lakini sikulala wiki mbili. Watu wakapiga kelele mpaka kampuni ikarudi nyuma, tarehe 27 Januari wakaziweka kanuni za msingi chini ya Creative Commons, leseni ya wazi ya watu wote, na ile wakishatoa hawawezi kuirudisha mfukoni, wewe unatakiwa tu kuwataja. Kwa hiyo leo mtu akitaka kutumia kanuni zile njia iko wazi. Lakini soma leseni wewe mwenyewe, mstari kwa mstari, kama ni Kiingereza tafuta mtu mkae naye. Na ujue kwamba kwa kawaida haki ya mwandishi inalinda maneno na picha, wazo la kutupa dadu na kujumlisha halina mwenyewe. Mi niliamua kuandika kanuni zangu, na hiyo ndo kazi iliyotuletea vifuniko vya chupa.

Juu dadu za pande 20 hapa hazipatikani. Niliagiza seti 30 kupitia mfanyabiashara anayepita Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia, hadi zifike, na usafiri, na ushuru wa doane, kila seti ilisimama dola 9, karibu bei ya kitabu. Nani atanunua? Ndo tukaanza kuokota vifuniko vya bia, upande wa meno na upande wa mgongo, unatupa vinne unahesabu migongo. Nilikaa na daftari nikatupa kifuniko kimoja mara 200 nikiandika kila mara, kikaangukia meno juu mara 117. Haikuwa sawa. Fundi wa baiskeli hapa mtaani akaviweka juu ya chuma akavipiga nyundo mpaka vikawa bapa kama sarafu, tukapaka upande mmoja rangi nyekundu, nikatupa tena 200, nyekundu ikaja mara 98. Hapo hesabu yangu ikasimama: vifuniko vinne vina njia 16 za kuanguka, nyekundu mbili inakuja mara 6 katika 16, moja au tatu mara 4 kila moja, zote nne au hakuna hata moja ni mara 1 tu. Yaani nyekundu nne ni jambo la maajabu na mezani watu wanasimama ikitokea. Na bei yake ni nyundo na rangi ya kucha. Usiandike mchezo unaodai kitu ambacho mtaa wako hauna.

Jambo lingine ambalo karibu niliharibu ni lukasa. Ni kile kibao cha Baluba kinachoshikika mkononi, kimepigiliwa shanga na simbi, watu wa Mbudye, chama cha watunza historia, walikuwa wanapitisha kidole juu ya shanga na kusoma mule historia ya wafalme. Mi nikafikiri, hii ndo fishi ya mhusika, ile karatasi ya kuandika habari zake! Kila mchezaji awe na kibao cha kartoni, kila jambo kubwa likimpata anashona kifungo, na baadaye anasoma maisha yake kwa kidole. Baba mukubwa akanipeleka kwa mzee mmoja pale Ruashi, nikamwonyesha kwa furaha kubwa. Mzee akakishika, akakigeuza, akakaa nacho muda mrefu.

«Hii ni muzuri,» akasema. «Lakini lukasa haikukuwa kitu ya kila mutu. Balikuwa banafundishwa kwanza, miaka. We fanya kibao yako. Hapana kuiita lukasa.»

Nilibadilisha. Kwenye kitabu kinaitwa kibao tu, na kuna ukurasa mmoja unaoeleza lukasa ya kweli ni nini na ilikuwa ya nani. Ningekuwa nimechapa kabla ya kumuona yule mzee ningekuwa nimemkosea yeye na kambo yangu pamoja. Kwa hiyo kama unachukua kitu cha wazee, nenda kwa wazee kabla ya kwenda impirimeri, kiwanda cha kuchapa, na uende na soda na muda.

Kwa picha nilimpata mchoraji wa mabango, mtu wa mkono mzuri sana, huu mji unao watu kama hao tangu zamani, hapahapa ndo Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi kwenye vitambaa miaka ya 70. Tukakubaliana dola 320 kwa picha 16, kwa mdomo. Miezi baadaye nikaweka picha ya jalada kwenye tisheti kumi, akaniona nazo, akaumia. Aliniuliza nani amekupa ruhusa, na mi nikajibu lakini nilikulipa, jibu la mtu asiyejua. Hapa kwetu kuna sheria, ordonansi-loi ya tarehe 5 Aprili 1986 juu ya haki za waandishi na wasanii, na kulipia picha ya kitabu siyo kununua picha kwa matumizi yote. Nilimwomba msamaha, nikampa dola 40, tukaandika karatasi: picha ngapi, za kitabu, za matangazo, tisheti anapata dola moja kwa kila moja. Ukurasa mmoja, saini mbili, tungeuandika siku ya kwanza urafiki usingepata kovu.

Sasa impirimeri, hapa nitakaa, juu ndo nilipoumia.

Maketi yangu, yaani kurasa zilizopangwa tayari kuchapwa, ilitoka kurasa 134 za A5. Nikapeleka kwa mwenye impirimeri, akafungua faili, akaniambia mashine inachapa kwa mafungu ya kurasa 16, kwa hiyo kitabu ni 128 au ni 144, cha 134 hakuna. Devi, makadirio ya bei, ya 128 ilikuwa dola 4.20 kwa kitabu, ya 144 dola 4.70. Kwa vitabu 300 tofauti ni dola 150, na mi dola 150 nilikuwa sina. Nilikuwa tayari nimechukua zamu ya likelemba, mchango wa kupokezana, ya mke wangu, aliyokuwa ameingojea miezi minane ili anunue mashine ya kushona. Alinipa bila kunung'unika na hiyo ndo ilinibana zaidi.

Nikarudi nyumbani kutafuta kurasa sita za kukata. Sikuweza kukata hadithi, sikuweza kukata ramani, picha nilikuwa nimeshalipia. Mwishoni kulikuwa na sura fupi, jinsi ya kuongoza usiku wa kwanza, kurasa sita kamili. Nikajiambia hii mtu ataelewa mwenyewe, sisi Katuba hakuna mtu alitufundisha. Nikafuta. Ilichukua sekunde mbili.

Niliahidiwa vitabu tarehe 10 Novemba 2023 ili niuze kabla ya Noeli. Sikufikiria kwamba ule ni mwaka wa uchaguzi, kura ilikuwa tarehe 20 Desemba, na kuanzia kampeni mashine zote za mji zilikuwa zinatoa sura za wagombea usiku na mchana. Mgombea analipa pesa taslimu mkononi, kitabu changu kikasogezwa, kikasogezwa tena. Nilivipata tarehe 23 Januari 2024, mvua zimekolea, na gari lililobeba lilikuwa na turubai lililotoboka. Vitabu 40 vililowa, vikavimba kama mkate. Na vile vilivyopona nikagundua vimebandikwa kwa gundi tupu. Kitabu cha kusoma kitandani kinaweza kuvumilia gundi, lakini kitabu cha mchezo kinafunguliwa ukurasa 40, kinarudi 12, kinaenda 97, kinalazwa kifudifudi, baada ya usiku mitatu kurasa zinaanza kutoka. Kabla ya kulipa avansi, pesa ya kwanza, omba kitabu kimoja cha mfano, kifungue katikati, kikandamize mpaka mgongo ulie, kisha shika ukurasa mmoja tu ukining'inize. Kikianguka, kataa. Leo mi ningetoa vijitabu viwili vya kurasa 64, vya kupigwa pini katikati, havivutii dukani lakini vinakaa.

Hesabu yote ilikuwa hivi: kuchapa dola 1,260, picha 320, maketi 150, vya kujaribu 60, usafiri na mambo madogo 90. Jumla 1,880. Gawanya kwa 300 unapata dola 6.27 kwa kitabu. Niliweka bei dola 10, wakati ule karibu faranga 28,000, duka likachukua asilimia 30, nikabaki na 7. Nikaona napata senti 73, siyo nyingi lakini napata. Kumbe hapana. Vitabu 40 vimelowa, 25 nimegawa bure kwa marafiki na watu wa redio, vya kuuza vimebaki 235, sasa gawanya 1,880 kwa 235, ni dola 8. Kila kitabu kilichouzwa dukani nilikuwa napoteza dola moja, na nilikuwa nashangilia kila kikiuzwa. Naomba mtu yeyote anayesoma hapa afanye hiyo hesabu ya pili, ya vitabu vitakavyofika mkononi mwa mnunuzi, siyo vile vilivyotoka mashineni.

Siku ya kutoa tuliuza 41. Watu walikuja, walipiga picha, walinikumbatia. Mpaka Juni vilikuwa 96, halafu kimya. Mabunda yalikuwa chini ya kitanda chetu, na usiku nikigeuka nilikuwa nasikia harufu ya gundi. Nilikuwa naogopa kumtazama mke wangu mwisho wa mwezi. Kila nikikosa usingizi nilijiambia watu wetu hawasomi, nchi haina pesa, mambo haya ni ya wazungu. Maneno kama hayo yanafariji sana, ndo ubaya wake.

Julai nikachukua simu nikaanza kuwapigia wanunuzi mmoja mmoja, wale niliokuwa na namba zao, 30. Niliwauliza swali moja, mmecheza? Wanne ndo walicheza. Wanne! Wengine walikipenda kitabu, wamekisoma, mmoja aliniambia jina la kila kijiji kwenye ramani. Lakini wote walisema kitu kimoja kwa maneno tofauti, na yule wa mwisho, mwalimu wa Kamalondo, aliyasema wazi kabisa: «Tulikaa watu watano, vifuniko viko mezani, kila mtu ananiangalia mi mwenye kitabu. Sikujua niseme nini kwanza. Tukacheka, tukacheza ludo.»

Nilikata simu nikafungua faili ya zamani, zile kurasa sita zilikuwa bado ziko mule. Nilizisoma nimesimama.

Baadaye nilienda kusoma wale wa kwanza walifanyaje. Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa mchezo wao 1974 walichapa boksi 1,000 tu, wakazipanga kwa mkono nyumbani, na ilichukua karibu mwaka mzima kuziuza. Kanuni zile zilikuwa ngumu kueleweka kama hujaonyeshwa na mtu. Lakini Gygax alikuwa tayari na watu, Gen Con, mkutano wao wa wachezaji pale Lake Geneva, aliuanzisha 1968, miaka sita kabla ya boksi. Kitabu kilipofika kilikuta meza tayari zimekaa. Mi nilipeleka kitabu mahali ambapo meza hazipo, na ukurasa wa kuijenga meza nimeutupa ili niokoe dola 150.

Basi Agosti nilianza upya. Zile kurasa sita nilizipanua zikawa kijitabu cha kurasa 16, karatasi nne za A4 ukikunja, nikatoa kwenye sekretariati, duka la fotokopi, pale karibu na kampasi ya chuo kikuu ya Kasapa, faranga 100 kwa upande, pande 8, na jalada la rangi faranga 500. Inasimama 1,300, nauza 3,000, na aliyekwishanunua kitabu nampa bure. Kinaanza hivi: usisome kitabu chote. Kaa na watu watatu, wasizidi wanne. Sema sentensi hii, mko mlangoni kwa mfalme, ngoma inalia ndani, mlinzi anawauliza mmeleta zawadi gani. Nyamaza. Mtu wa kwanza akijibu, mwulize ameishikaje hiyo zawadi mkononi. Akishajibu la pili, mchezo umeanza na hutahitaji msaada wangu.

Kuna na ukurasa wa lini usitupe vifuniko, juu wapya wanatupa kwa kila kitu hata kufungua mlango, na ukurasa wa kufanya nini meza ikinyamaza, na wa kusimamisha mchezo bado watu wanataka, saa mbili na nusu zinatosha.

Halafu nikaacha kuuza vitabu nikaanza kutafuta wenye meza. Kila Jumamosi nilikuwa naongoza nusu ya kwanza, baada ya mapumziko nampa mtu mwingine kiti changu, nakaa pembeni yake sisemi kitu mpaka aniguse goti. Yule binti wa mkuki alikuwa wa kwanza. Ni mzuri kuliko mi, ana sauti ya chini, watu wanainama kumsikiliza. Mwaka mmoja tulipata meza tisa, Katuba, Kenya (mtaa wa hapa mjini, siyo nchi), Kamalondo, Bel-Air, moja ya wanafunzi Kasapa. Kila meza ilinunua vitabu kati ya viwili na sita bila mi kuuza.

Lakini meza inahitaji nyumba, na nyumba ina mama. Pale Kenya mama wa kijana mmoja alikikuta kitabu, akaona mizimu, akaona mganga, akakitoa nje ya mlango.

«Mu hii nyumba tunaombaka Mungu,» alinipigia simu. «Hapana kuleta mambo ya buloji, ya uchawi, kwa mutoto yangu.»

Nilitaka kumjibu na historia, kwamba hata Marekani miaka ya 80 wazazi waliogopa hivihivi, kuna mama alianzisha shirika kabisa mwaka 1983 kupinga Dungeons & Dragons. Nashukuru sikusema. Yule mama alikuwa anamlinda mtoto wake, na mi kitabu changu hakikuwa na hata neno moja la kumwelezea. Nilimwambia mama, nakuomba Jumamosi uje ukae nasi, ukiona kitu kibaya nafunga mi mwenyewe. Alikuja na Biblia kwenye pochi. Alikaa saa mbili mkono kwenye pochi. Walipofika kwenye mkeka, mpiga ngoma akawa anabadilisha mdundo ili kumuonya Kalala Ilunga, na wachezaji wanabishana ule mdundo una maana gani, mama akashindwa, akasema kwa sauti: «Anabaambia mutoke! Hamusikie?» Kitabu kilirudi ndani. Tangu siku ile nyuma ya jalada la kijitabu kuna maneno manne matano kwa wazazi, mchezo ni nini, unachukua muda gani, na namba ya simu ya mwenye meza. Na tunaanza saa nane, tunamaliza kabla ya giza, juu mtoto wa mtu kurudi usiku ni hatari ya kweli, siyo ya hadithi.

Kuuza nje nitasema haraka. Nilifikiria Kickstarter, tovuti ya kuchangisha pesa za mradi, lakini nchi wanazokubali mtu kuanzisha mradi hakuna hata moja ya Afrika. Pdf unaweza kuweka kwenye tovuti ya itch.io, wao kwa kawaida wanachukua asilimia 10 na unaweza kubadilisha, au DriveThruRPG, pale mchapishaji anapata asilimia 65, au 70 kama hauuzi kwingine. Kuuza siyo shida, shida ni kupokea. Mi niliweka akaunti kwa jina la ndugu aliye Ubelgiji, bila karatasi, dola 74 zilikaa miezi mitano na tulikuwa karibu kugombana, na yeye hakuwa na kosa, alikuwa anangoja zifike kiasi cha kutoa. Panga kabla: nani anapokea, anatuma lini, makato ya kutuma nani analipa. Na kitabu cha karatasi usimwahidi mtu wa Ulaya mpaka umepima kilo posta.

Kwa toleo la pili nimekataa kugusa pesa ya nyumbani. Wenye meza wanakusanya, M-Pesa au Airtel Money, nusu ya bei kabla, kila mtu anapewa risiti yenye namba, na impirimeri sitaenda mpaka risiti zifike 100. Leo ziko 63. Zikikaa hapo mpaka Desemba narudisha kila faranga, nimeshaandika hivyo kwenye risiti yenyewe.

Toleo la zamani limebaki vitabu 52 chini ya kitanda. Mke wangu alipata mashine yake mwezi wa tano, nusu imetoka kwenye vitabu na nusu kwenye kazi yangu ya kufundisha, na yeye ndo anashona vile vifungo kwenye vibao vya kartoni sasa, faranga 500 kimoja, hesabu yake haiingii kwenye yangu. Faili mpya ina kurasa 128. Nilikata picha mbili, ramani moja na orodha ndefu ya silaha ambayo hakuna meza iliwahi kuitumia. Zile sita ziko mbele kabisa, ukurasa wa 1 mpaka wa 6.